Kuuwahi Upepo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Utabiri wa Msukosuko wa Hewa na Optiki Badilifu

Majibu haya yameandikwa kwa msomaji anayejua darubini ni nini lakini hajawahi kukaa katika chumba cha kuiendeshea. Milinganyo nimeiacha nje. Tarakimu nimeziacha ndani, kwa sababu habari yote hii ni ugomvi wa milisekunde na sentimita, na bila vipimo hivyo haieleweki.

Kwa nini nyota humetameta?

Nyota yenyewe haimetameti. Mwanga wake husafiri miaka mingi bila kuguswa na kitu, kisha huja kuharibiwa na kilomita chache za mwisho. Hewa ya moto na hewa ya baridi hazipindi mwanga sawasawa. Karibu na usawa wa bahari, tofauti ya nyuzijoto 1 ya Selsiasi ndani ya mita 1 tu ya hewa hubadilisha safari ya mwanga kwa takriban mikromita 1, yaani kama mawimbi mawili ya mwanga unaoonekana. Upepo unapozikoroga hewa hizi mbili, mwanga uliokuja ukiwa na uso ulionyooka hufika kwenye kioo cha darubini umekunjamana, na mikunjo yenyewe haitulii.

Je, kioo kikubwa zaidi hakiondoi tatizo?

Hukusanya mwanga mwingi zaidi, lakini ukali wa picha hauongezeki. Mwanafizikia David Fried, katika miaka ya 1960, aliipa hali ya hewa ya usiku kipimo kimoja kinachotumika hadi leo: upana wa eneo ambalo ndani yake uso wa wimbi bado umenyooka kiasi cha kutosha. Katika mwanga unaoonekana, upana huo ni kama sentimita 10 mahali penye anga la wastani. Maana yake darubini ya mita 8.2 isiyo na marekebisho haioni kwa ukali kuliko darubini ya sentimita 10 hadi 20 ambayo mtu hununua kwa matumizi ya nyumbani. Kinadharia ingeweza kutenganisha vitu viwili vilivyo umbali wa sekunde ya tao 0.015 (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja ya pembe). Hewa huifanya ikwame karibu na sekunde 1 nzima.

Katika infraredi, mwanga wenye mawimbi marefu kuliko tunayoyaona, mambo huwa mepesi. Upana wa Fried hukua kadiri wimbi linavyorefuka, na kwenye mikromita 2.2 zile sentimita 10 huwa karibu 60. Ndiyo sababu marekebisho mengi hufanyika huko kwanza.

Optiki badilifu hufanya nini hasa?

Hupima mikunjo ya uso wa wimbi, kisha hukunja kioo chembamba kwa mkunjo wa kinyume ili mwanga utoke umenyooka. Kihisi hupima, kompyuta hukokotoa, visukumio vilivyo nyuma ya kioo husukuma na kuvuta. Baada ya hapo kihisi hupima tena kilichobaki, na mzunguko huendelea usiku kucha.

Wazo lilitolewa mwaka 1953 na Horace Babcock, mwanaastronomia wa Marekani, wakati ambapo hapakuwa na kompyuta wala vioo vya kulitekeleza. Jeshi la Marekani lililifanyia kazi kwa siri miaka mingi. Kwa upande wa astronomia, mfumo ulioitwa COME-ON ulijaribiwa kusini mwa Ufaransa mwaka 1989, kisha ukahamishiwa La Silla nchini Chile. Leo karibu kila darubini kubwa ina mfumo wa aina hii. Nyota zinazozunguka shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu zilifuatiliwa kwa njia hii kwa miaka mingi, na kazi hiyo ikawapa Reinhard Genzel na Andrea Ghez sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2020.

Kama kioo kinajirekebisha mara 1,000 kwa sekunde, utabiri ni wa nini tena?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mfumo wa kawaida hutenda baada ya tukio. Kamera ya kihisi lazima ikusanye mwanga kwa milisekunde 1. Data lazima isomwe na kukokotolewa, amri itumwe, kioo kisogee na kutulia. Ukijumlisha yote, mikunjo inayorekebishwa ni ile iliyokuwepo takriban milisekunde 2 zilizopita. Upepo wa mita 20 kwa sekunde huwa umeisogeza hewa sentimita 4 ndani ya muda huo. Kumbuka upana wa Fried ni sentimita 10, kwa hiyo sentimita 4 si kitu cha kupuuzwa.

Tuuweke kwenye mizani. Kwa anga hilo hilo na upepo huo huo, muda ambao hewa hubaki "ile ile" ni kama milisekunde 1.6 katika mwanga unaoonekana, na kama milisekunde 6.4 kwenye infraredi ya mikromita 1.6. Ucheleweshaji wa milisekunde 2 peke yake, hata kila kitu kingine kikiwa kamili, huondoa takriban asilimia 13 ya mwanga kwenye kilele cha picha katika infraredi hiyo. Ukiweza kuupunguza ucheleweshaji huo kwa nusu, hasara hushuka hadi kama asilimia 4. Haishuki kwa nusu: hushuka zaidi ya mara tatu, kwa sababu kosa hukua haraka kuliko muda wenyewe.

Ubashiri ndio unaotafuta kuurudisha muda huo. Mchezaji anayekimbia pembeni hapigiwi mpira miguuni. Pasi hupelekwa mbele yake, pale atakapofika. Kompyuta hutazama vipimo vya milisekunde kadhaa zilizopita na kukisia uso wa wimbi utakuwaje wakati kioo kitakapokuwa kimeshatulia, kisha hukikunja kwa ajili ya wakati huo.

Si rahisi zaidi kuongeza kasi ya kamera?

Kwa nyota angavu, ndiyo, na hufanywa. Tatizo ni kwamba mwanga ni bidhaa adimu. Ukipima mara 4,000 kwa sekunde badala ya 1,000, kila picha ya kihisi hupata robo ya mwanga, na kelele hupanda. Nyota nyingi zenye kuvutia hazina mwanga wa kugawanywa hivyo. Mbashiri mzuri husaidia pande zote mbili: hufidia ucheleweshaji, na kwa kuwa hutumia vipimo vingi vya nyuma kwa pamoja, hupunguza kelele pia. Mara nyingi faida hii ya pili husahaulika.

Huu ni utabiri ule ule wa hali ya hewa?

Hapana, na kuchanganya haya mawili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi katika makala za watu wasio wa fani.

Kuna utabiri wa saa: usiku wa leo anga litatulia kiasi gani, na saa ngapi? Huu huwasaidia wapanga ratiba. Kuna ubashiri wa milisekunde: mkunjo huu utakuwa wapi kwenye mzunguko ujao wa kioo? Huu huisaidia mashine yenyewe. Wa kwanza hutumia modeli za angahewa na kompyuta kubwa, wa pili hautumii modeli yoyote ya hali ya hewa. Hutegemea vipimo vya kihisi. Kituo kinaweza kuwa hodari katika mmoja na kisiwe na lolote katika mwingine.

Msukosuko si jambo la kubahatisha? Unabashiriwaje?

Ni wa kubahatisha kwa maana kwamba hakuna anayeweza kusema leo saa nne usiku mkunjo fulani utakuwa wapi. Lakini kubahatisha huko kuna tabia zake. Andrey Kolmogorov alionyesha mwaka 1941 jinsi mizunguko mikubwa ya hewa inavyovunjika kuwa midogo, na midogo kuwa midogo zaidi, mpaka nguvu yake inaishia kuwa joto. Kutokana na hapo tunajua uwiano wa mikunjo mikubwa na midogo, hata kama hatujui iko wapi.

La muhimu zaidi kwa kazi hii ni wazo la G. I. Taylor la mwaka 1938: upepo hubeba mizunguko haraka kuliko mizunguko yenyewe inavyobadilika. Ndani ya milisekunde chache, tabaka la hewa lenye msukosuko hupita mbele ya darubini kama limeganda. Mkunjo unaoonekana ukingoni mwa kioo upande wa mashariki sasa hivi utakuwa umesogea kuelekea magharibi baada ya muda mfupi, ikiwa upepo unavuma kuelekea huko. Rekodi za mifumo ya optiki badilifu, ikiwemo ya darubini za Gemini na Keck huko Mauna Kea, Hawaii, zimechunguzwa na tabia hiyo imeonekana waziwazi.

Ugumu ni kwamba tabaka si moja. Mara nyingi nusu ya msukosuko au zaidi iko karibu na ardhi, ikisukumwa na upepo wa pole. Sehemu nyingine iko juu, kwenye kimo cha kilomita kama 12, ambako mkondo wa jeti, ule upepo mkali wa anga la juu, unaweza kupita mita 30 kwa sekunde. Kihisi huona jumla ya tabaka zote zikiwa zimelaliana, kila moja ikienda upande wake. Mbashiri anayedhani kuna upepo mmoja atashindwa.

Ni mbinu gani zinazotumika?

Familia ya kwanza huanza na fizikia. Unaeleza tabia ya hewa kwa modeli, kisha unatumia chujio la Kalman, hisabati ya mwaka 1960 iliyokuja kutumika kuongoza vyombo vya anga. Chujio hilo hupima kila mara ni kiasi gani kiamini modeli na kiasi gani kiamini kipimo kipya. Mfumo wa CANARY kwenye darubini ya William Herschel, kisiwani La Palma, uliijaribu mbinu ya aina hii angani.

Familia ya pili haitaki kuambiwa chochote kuhusu fizikia. Olivier Guyon na Jared Males walipendekeza mwaka 2017 njia inayochukua rekodi za dakika chache zilizopita na kutafuta mseto bora wa vipimo vya nyuma unaotoa kipimo kinachofuata. Haihitaji kujua kuna tabaka ngapi. Haihitaji hata kujua kama kinachotikisika ni hewa au ni jengo. Mbinu za ukoo huu zimejaribiwa kwenye darubini za Subaru na Keck kwa nyota halisi.

Nitaje jambo linalowashangaza wengi: ubashiri uliozoeleka zaidi katika kazi za kila siku haushughulikii hewa. Unashughulikia mitetemo. Pampu za kupoza vifaa, feni, na upepo unaogonga mihimili ya darubini huitikisa picha kwa marudio (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) yanayojulikana, na kitu kinachojirudia ni rahisi kubashiri. SPHERE kwenye VLT (darubini za mita 8.2 za Paranal, Chile) na Gemini Planet Imager, vifaa vya kupiga picha za sayari, vyote vilitumia chujio la aina ya Kalman kutuliza mtikisiko wa picha nzima.

Na akili bandia?

Inajaribiwa kwa bidii. Kuna mitandao ya neva inayobashiri uso wa wimbi, na kuna mbinu ambazo mfumo hujifunza kuendesha kioo kwa kujaribu na kupata matokeo, bila kuelezwa modeli ya hewa wala ya kioo. Matokeo ya maabara yanatia moyo.

Maoni yangu: kwa hewa yenyewe, mbinu za mstari (zile ambazo jibu hukua kwa uwiano ule ule na kipimo) zimekuwa ngumu kushindwa. Fizikia ya tabaka linalosogea ni ya mstari kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mtandao mkubwa wa neva hauna mengi ya kugundua. Faida yake iko kwenye vitu vinavyokiuka mstari, hasa kihisi cha piramidi, kinachogawanya mwanga kwa kioo chenye umbo hilo, na ambacho jibu lake hubadilika kulingana na ukubwa wa mikunjo. Anayeuza habari kwamba akili bandia "imeondoa msukosuko" aulizwe kwanza alilinganisha na nini. Mara nyingi mpinzani huwa ni kidhibiti cha zamani kisichobashiri chochote.

Ubashiri ukikosea, inakuwaje?

Picha huharibika kuliko kama usingebashiri. Upepo ukigeuka, kilichofunzwa dakika kumi zilizopita kinaweza kuwa kinakisukuma kioo upande usio sahihi. Kwa hiyo mbashiri hufunzwa upya mara kwa mara, na mfumo huwekewa njia ya kurudi kwenye kidhibiti cha kawaida.

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani kwenye michoro mizuri ya mikutano. Kihisi kimewekwa baada ya kioo, kwa hiyo hakioni hewa; huona masalio tu, yaani hewa ukitoa kile ambacho kioo kimeshafanya. Ili kujifunza tabia ya hewa, lazima uirudishe kwa hesabu kazi ya kioo. Ukikosea kidogo kuhusu jinsi kioo kinavyoitikia amri, au kuhusu muda wa ucheleweshaji kwa sehemu tu ya mzunguko mmoja, utakuwa unabashiri hewa ambayo haipo. Mbinu nyingi zilizong'aa kwenye uigaji wa kompyuta zimekwama hapa.

Tena hakuna cha bure: katika mzunguko wowote wa aina hii, ukibana kosa kwenye marudio fulani, hupanda kwenye marudio mengine. Kazi ya mbuni ni kulisukumia mahali ambapo halitaumiza.

Kwa nini wanaotafuta sayari ndio wanaolilia jambo hili zaidi?

Kwa sababu kwao asilimia 13 ya mwanga uliopotea si hasara tu, ni uchafu. Mtu anayepiga picha ya galaksi atavumilia. Anayetafuta sayari kando ya nyota anatafuta kitu hafifu mara 10,000 hadi 1,000,000 kuliko nyota yenyewe, na hizo ni sayari kubwa changa ambazo bado zina joto la kuzaliwa. Dunia ikitazamwa kando ya Jua kwa mwanga wanaouakisi ni hafifu takriban mara bilioni 10. Mwanga wa nyota uliotoroka kioo humwagika hasa pale sayari ilipo.

Umwagikaji huo una umbo. Picha za SPHERE zimeonyesha mara nyingi mabawa mawili ya mwanga yaliyonyooka kufuata mwelekeo wa upepo wa juu, kama kilomita 12 kutoka usawa wa bahari. Ni alama ya mkondo wa jeti uliopita haraka kuliko kioo. Koronagrafu, kile kifaa kinachoziba mwanga wa nyota, hakiwezi kuyaondoa, kwa sababu si mwanga ulionyooka tena. Kuyafuta kwa kompyuta baadaye hufaulu kwa sehemu tu. Dawa ni kuyazuia yasizaliwe, na hilo ni kazi ya ubashiri au ya mwendo kasi zaidi.

Kwa sayari zilizo karibu na nyota nyekundu ndogo, kama ile ya Proxima Centauri, hakuna kazi ya picha kutoka ardhini itakayofanikiwa bila kushinda ucheleweshaji. Nyota hizo ni hafifu, kwa hiyo hata njia ya kuongeza kasi imebanwa.

Basi upepo ukitulia kabisa, ndiyo neema?

Ungedhani hivyo. Chini ya mita 3 hivi kwa sekunde, mihimili inayoshikilia kioo cha pili hupoteza joto kuelekea anga na kuipoza hewa inayoigusa. Hakuna upepo wa kuiondoa. Uso wa wimbi hugawanyika vipande kufuata mihimili hiyo, na kihisi mara nyingi hakiuoni mpasuko huo. Huko Paranal ilibidi mihimili ipakwe utando maalum ili kulipunguza tatizo.

Utabiri wa saa hufanywaje?

Modeli ya angahewa ya dunia nzima hutoa hali ya jumla. Ndani yake huwekwa modeli ya eneo dogo, yenye miraba ya mamia ya mita, inayofuata umbo la mlima wenyewe. Hukokotoa wapi hewa itakwaruzana na wapi joto litabadilika ghafla, na kutoka hapo hukadiria upana wa Fried, upepo wa kila kimo, na muda wa hewa kubaki ile ile. Kituo cha Mauna Kea hufanya hivyo kwa modeli ya WRF. Kwa Large Binocular Telescope huko Arizona kuna mfumo wa ALTA, unaotumia modeli ya Kifaransa ya Meso-NH.

Kwa saa moja au mbili zijazo, hata hivyo, modeli peke yake haitoshi. Kinachofanya vizuri zaidi ni kuisahihisha kwa vipimo vya usiku huo huo. Vifaa vya kupima vipo: vingine hutazama jinsi picha mbili za nyota moja zinavyocheza, vingine huzitazama nyota pacha ili kujua kila tabaka liko kimo gani.

Faida yake ni ya kiratiba. Vituo vingi huwa na foleni ya kazi, na saa za utulivu wa hali ya juu ni chache. Kujua mapema kwamba zitakuja baada ya usiku wa manane humzuia mpangaji asizitumie kwa kazi ambayo hata anga bovu lingeitosha.

Miale ya leza inayoonekana ikitoka kwenye darubini ni ya utabiri?

La. Huwasha sodiamu iliyo kimo cha kilomita kama 90 ili kutengeneza nyota bandia pale pasipo na nyota angavu. Na haitoshi peke yake: leza hupanda na kushuka katika hewa ile ile, kwa hiyo haioni mtikisiko wa picha nzima. Bado inahitajika nyota halisi, hata kama ni hafifu, na kwa nyota hafifu ubashiri wa mtikisiko una thamani kubwa.

Darubini ya mita 39 italeta ugumu gani mpya?

Hesabu, kwanza. Kioo badilifu cha ELT, ndiyo hiyo darubini ya mita 39, inayojengwa Cerro Armazones nchini Chile, kina visukumio zaidi ya 5,000. Ukiwa na vipimo 10,000 kwa kila mzunguko, ni mazidisho milioni 50 kila milisekunde bila kubashiri chochote. Mbashiri anayetumia mizunguko 10 ya nyuma huizidisha kazi hiyo mara 10. Kadi za michoro, zile zile za michezo ya kompyuta, zinaweza kuibeba, lakini zikichelewa hata kidogo zinakula faida iliyokuwa ikitafutwa.

Kuna habari njema pia. Kioo kipana huona tabaka la hewa kwa muda mrefu zaidi linapopita: kwa mita 20 kwa sekunde, karibu sekunde 2 nzima. Mkunjo utakaofika katikati umeshaonekana ukingoni zamani.

Kwa nini darubini zote zisipelekwe angani?

Ukubwa na gharama. Darubini ya James Webb ina kioo cha mita 6.5, nacho kilibidi kikunjwe ili kiingie kwenye roketi.

Kuna matumizi nje ya astronomia?

Mawasiliano ya leza na setilaiti. Setilaiti ya obiti ya chini hukimbia kwa takriban kilomita 7.5 kwa sekunde, na darubini inayoifuata hukata hewa kwa kasi kuliko upepo wowote wa kawaida. Muda wa hewa kubaki ile ile hupungua sana, na ubashiri huanza kuonekana kama hitaji badala ya anasa. Upande mzuri ni kwamba sehemu kubwa ya mwendo huo inajulikana mapema, maana obiti inajulikana.

Mimi nina darubini ndogo. Kuna ninachoweza kuchukua hapa?

Utabiri wa saa, ndiyo. Tafuta ramani ya upepo wa kimo cha milibari 200, hutolewa bure na huduma nyingi za hali ya hewa. Mkondo wa jeti ukiwa juu yako, usipoteze usiku kwa Mshtarii au Zuhali. Tazama makundi ya nyota yasiyodai ukali. Milisekunde huwezi kuzifukuzia kwa kifaa cha nyumbani, lakini unaweza kuvizia: piga video ya maelfu ya picha fupi, acha programu ichague zile chache ambazo hewa ilikuwa imetulia, izijumlishe. Fried huyo huyo alikokotoa mwaka 1978 uwezekano wa kupata picha ya bahati namna hiyo, na uwezekano huo huporomoka haraka kadiri kioo kinavyopanuka, kwa hiyo mwenye sentimita 20 ana bahati kuliko mwenye mita 8.